Daktari ataka kunipasua shingo, nami sauti ndiyo kazi yangu

KWA SOMO: barua za wasomaji na majibu yake

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa miaka 53, mkazi wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Ni mwalimu wa madrasa. Watoto kama arobaini hunijia kila siku baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, na tangu nikiwa mwali nasoma kasida. Yakisomwa Maulidi huku kwetu, iwe Makorora iwe Chumbageni, mara nyingi mimi ndiye ninayeitwa kuwaongoza kina mama. Shule sikusoma sana, duka sina, wala sina shamba la machungwa Muheza. Sauti ndiyo niliyojaliwa.

Maradhi yangu yalinijia kwa kunyatia, hata siwezi kukwambia yalianza lini. Miaka kama mitatu nilikuwa nachoka uchovu nisiouelewa, naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Miguu na mgongo vyaniuma ndani ya mfupa, kana kwamba mtu ametwanga kwa mchi. Kiu haiishi, na usiku naamka kwenda msalani mara nne, mara tano. Nikapimwa sukari, sina. Nikaambiwa ni umri, ni kukoma hedhi. Kilichonitisha zaidi ni kusahau. Siku moja nasomesha sura niliyoihifadhi tangu nina miaka tisa, nikakwama katikati. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyeniendeleza. Nikajitia kwamba nilikuwa namjaribu, nikamsifu, lakini moyo ulinidunda mpaka wanafunzi wakaondoka.

Nikaenda duka la dawa, nikaelezwa mifupa imepungukiwa. Nikauziwa vidonge vya kalsiamu, nikavimeza miezi mitano. Nafuu sikuiona.

Ramadhani iliyopita, kumi la kati, baada ya alasiri nikashikwa na maumivu ya ubavu ambayo hata uzazi wangu wa kwanza haukufika hapo. Nilijiviringisha sakafuni, jasho linanitoka, watoto wamesimama na misahafu yao hawajui wafanye nini. Nikakimbizwa hospitali. Jiwe kwenye figo. Nikapewa dawa, nikaambiwa ninywe maji kwa wingi na nikojoe kwenye kichujio. Siku ya nne likatoka. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, rangi ya kahawia, lina vijiba vinavyokwaruza kidole. Nimelifunga kwenye pamba na kulitia kwenye kijaluba cha marehemu mama. Marehemu naye aliteswa na mawe maisha yake yote. Sisi tukisema ni maji ya kisima cha kwao Pangani.

Daktari mmoja kijana hakuridhika kunirudisha nyumbani hivi hivi. Akaagiza damu. Kalsiamu ikaja 2.81, na karatasi imeandika mwisho ni 2.60. Akarudia baada ya wiki mbili, ikaja 2.79. Halafu akapima homoni, damu ikapelekwa maabara ya mbali, ikarudi 148 wakati mwisho wake ni 65. Akaniambia nina tezi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Si goita, ni nyingine ndogo iliyo nyuma yake, yaitwa parathairoidi. Dawa yake, akasema, ni kuitoa. Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Nikamuuliza, "Na sauti yangu je?" Akasema mshipa wa sauti unapita hapo hapo, lakini kuguswa ni nadra, nisiwe na wasiwasi. Foleni nje ilikuwa ndefu. Sikuuliza tena.

Sasa nyumbani kumegawanyika. Mwanangu wa kwanza yuko Dar, na bima yake ndiyo inayonitibu. Yeye asema, "Mama, panda basi hata kesho." Baba watoto amekataa katakata. Jirani yetu alipasuliwa goita na mpaka leo azungumza kama anayenong'ona, basi asema shingo haichezewi. Dada yangu mkubwa asema kalsiamu imezidi kwa sababu ya maziwa na dagaa. Huu mwezi wa pili sijagusa dagaa wala chai ya maziwa, na kila asubuhi ananichemshia majani ya kusafisha damu. Dawa ya hospitali ninayotumia ni ya presha tu, kile kidonge kinachokojoza, mwaka wa sita sasa.

Nami, Somo, nimefanya jambo la aibu. Mwanangu nimemwambia nitakwenda. Mume wangu nimemwambia siendi. Karatasi ya rufaa iko chini ya godoro, na tarehe yake ni wiki sita kutoka leo.

Nikikataa kupasuliwa nitakufa? Hakuna dawa ya kumeza? Na nikikubali, kisha sauti ikaenda, nitakuwa nani hapa mtaani?

Nisitirie jina.

Mwalimu, Ngamiani

MAJIBU

Marahaba, mwalimu wangu.

Nimeisoma barua yako jana usiku na nimeisoma tena leo. Miaka yangu mingi ya uuguzi niliimaliza wadi ya upasuaji, kwa hiyo nitakujibu kama somo wako na kidogo kama muuguzi. Daktari wako si mimi, na namba zako ninazijua kwa kuandikiwa tu.

Wewe waniambia jambo lako ni moja: upasuaji au sauti. Mimi katika barua hii naona mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. Kuna tezi, ambayo bado hujaelezwa vya kutosha. Kuna sauti, ambayo uliiulizia ukajibiwa kwa haraka. Na kuna watu wawili unaowapenda, kila mmoja umempa jibu lake. Tuyafungue moja moja.

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja ukubwa wa punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya tezi ile inayovimba watu wanapopata goita. Zimepakana tu, kazi zao hazihusiani. Kazi ya hizi ndogo ni kuchunga kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kikishuka, zinatoa homoni. Homoni hiyo inakopa kalsiamu kwenye mifupa, inaizuia figo isiitupe ovyo, na inaiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kwenye chakula. Damu ikishatosheka, tezi zinanyamaza. Kwako inaonekana mojawapo haisikii tena kwamba damu imetosheka, inaendelea kukopa. Mifupa inatoa mpaka inauma. Damu imejaa, na ziada inapitia figo, huko ndiko inakofanya mawe. Figo nazo, kwa kuzidiwa, zinapoteza maji mengi, ndiyo kiu na safari zako za usiku. Uchovu, huzuni, choo kigumu na kusahau pia huwapata wengi wenye hali hii. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu kwa aya uliyoikwama, mwalimu, jua kwamba huenda si uzee wala si adhabu.

Hali hii huwapata wanawake kuliko wanaume, karibu mara tatu, hasa baada ya kukoma hedhi. Kwa wagonjwa kama 8 kati ya 10 tezi iliyoharibika ni moja tu, na uvimbe wake si saratani. Saratani ya tezi hizi haifiki mgonjwa 1 katika 100. Nakwambia mapema kwa sababu najua neno uvimbe likitajwa, masikio huziba kwa mengine yote.

Sasa dada yako. Anakupenda, na hesabu yake yaeleweka: kitu kimezidi, basi kipunguzwe mdomoni. Lakini kalsiamu iliyozidi kwako inatoka zaidi mifupani kuliko kwenye sahani. Ukiacha dagaa na maziwa kabisa, tezi inaweza kuchukua hiyo kuwa ni njaa, ikazidi kukopa. Ushauri wa kawaida kwa wagonjwa wa hali hii ni kula kama watu wengine, wasizidishe wala wasijinyime. Vidonge vya kalsiamu ni jambo jingine. Kama vimebaki kabatini, visiingie kinywani mpaka daktari aseme. Aliyekuuzia bila damu yako kupimwa alikutia njia isiyo yako. Na yale majani, mtaje daktari jina lake, au mchukulie kidogo ayaone. Si kwa kumshitaki dada, ni kwa sababu figo zako sasa zina kazi ya kutosha.

Kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupitia tu, nami yamenifanya niweke kalamu chini. La kwanza ni kidonge cha presha kinachokojoza. Zipo dawa za kundi hilo, za jamii ya thayazaidi, zinazoizuia figo isitoe kalsiamu, na kwa mtu mwenye tezi kama yako zinaweza kuipandisha zaidi. Sijui chako ni kipi. Usikiache kwa shauri langu, maana presha nayo haina simile. Chukua pakiti yenyewe, nenda nayo, uulize: "Hii ni ya jamii hiyo? Yaweza kubadilishwa, kisha damu ipimwe upya?"

La pili ni marehemu mama yako na mawe yake. Wewe wayahusisha na kisima cha Pangani, mimi sina uhakika. Iko hali ya kurithi ambayo kwenye damu yafanana sana na yako, kalsiamu juu na homoni juu kidogo au ya kawaida, lakini mkojo unatoa kalsiamu kidogo mno, na kupasuliwa hakuisaidii. Ndiyo maana kabla ya kisu hukusanywa mkojo wote wa saa 24 ukapimwa. Kwa hali hiyo mawe si kawaida, kwa hiyo yako huenda yaelekeza upande mwingine. Lakini upande huo mwingine nao una familia zenye tezi mbaya zaidi ya moja, na mpasuaji anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kutafuta. Katika barua yako sikuona kipimo cha mkojo. Sikuona vitamini D, wala kipimo cha uzito wa mifupa. Vitamini D ikiwa chini yafaa ijazwe kwa uangalifu, kwa dozi ya daktari. Sisi kina mama wa pwani tunaishi kwenye jua kali, lakini ndani ya buibui na ndani ya nyumba ngozi hailioni.

Basi tuje kwenye kisu.

Umeuliza kama hakuna dawa ya kumeza. Zipo, ila hakuna inayomaliza chanzo. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti husaidia mfupa usizidi kuliwa, lakini kalsiamu ya damu haziiteremshi ipasavyo. Ipo nyingine, sinakalseti, inayoidanganya tezi ione kalsiamu ni nyingi kuliko ilivyo, ikapunguza homoni. Hiyo huteremsha kalsiamu ya damu, lakini mifupa hairudishi, wengine huwatia kichefuchefu, na ni ya kumeza siku zote. Mara nyingi hupewa asiyeweza kupasuliwa, au ambaye upasuaji haukufaulu. Uliza kama yapatikana na kama bima inailipia, kwa sababu kidonge cha kila siku kisicholipiwa ni mzigo wa maisha.

Kusubiri nako ni njia, na haina aibu. Wapo wagonjwa wanaokaa miaka mingi bila kupasuliwa na hali haisogei. Lakini kusubiri kwa kitabibu si kuificha karatasi chini ya godoro. Ni kupima kalsiamu na figo angalau kila mwaka, mifupa kila mwaka mmoja au miwili, kunywa maji, na kukubali kwamba namba zikibadilika shauri nalo linabadilika. Na ukiona unatapika, umechanganyikiwa, kiu imepita kiasi na mwili umelegea, hapo hakuna kusubiri hata usiku mmoja. Kalsiamu ikipanda sana ghafla ni jambo la dharura.

Sitakuficha kinachowafanya madaktari waelekee kwenye upasuaji. Huangalia umri ulio chini ya miaka 50, kalsiamu iliyopita mwisho wa maabara kwa zaidi ya 0.25, figo zilizopungua nguvu, mifupa iliyokonda au iliyovunjika, na mawe. Wewe umevuka 50. Kalsiamu yako imezidi kwa 0.21, chini kidogo ya mstari huo. Mifupa haijapimwa. Lakini jiwe unalo kwenye kijaluba. Nadhani yule daktari kijana aliliona hilo, akaharakisha. Asingekuwa yeye, pengine hadi leo ungekuwa wameza kalsiamu ya dukani.

Nikikataa nitakufa, umeniuliza. Kwa namba ulizoniandikia, hii si hali ya kuua mtu wiki hii wala mwezi huu, bora zisipande. Inachofanya ni kula polepole, mfupa na figo. Una muda wa kuuliza, ila muda huo si wa kuachia tu upite.

Upasuaji wenyewe si mpya. Vienna, mwaka 1925, daktari Felix Mandl alimtoa tezi kama hiyo kondakta wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imedhoofika na kumtesa kwa maumivu. Siku hizo walifungua shingo wakitafuta kama mtu aliyedondosha sindano mchangani. Leo, vipimo vikishathibitisha ugonjwa, hupigwa altrasaundi ya shingo na pengine picha ya dawa ya mionzi ili ijulikane tezi mbaya iko wapi. Ikionekana, mpasuaji anaweza kufungua upande mmoja tu. Mikononi mwa mzoefu, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 hupona. Wachache tezi haipatikani au ugonjwa unarudi, na wachache hutokwa na damu shingoni, ndiyo sababu hulazwa na kuangaliwa.

Na sauti. Uliiulizia, ukaambiwa usiwe na wasiwasi. Mimi nasema ulikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, na haki ya kujibiwa kikamilifu. Kila upande wa shingo una neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoendesha nyuzi za sauti, na imepita kando kando ya tezi hizo. Ikivutwa tu, sauti hukwaruza wiki kadhaa au miezi, kisha hurudi. Ikikatwa, ukwaruzo unaweza kubaki. Kwa wapasuaji wazoefu madhara ya kudumu huwa kwa mgonjwa kama 1 katika 100. Iko neva nyingine, nyembamba zaidi, inayosaidia sauti kupanda. Mtu wa kawaida akiipoteza huenda asijue. Msoma kasida atajua siku ya kwanza anapotaka kupandisha. Na hata bila neva kuguswa, ule mpira wa kupumulia anaowekewa mtu akiwa kwenye nusukaputi huweza kumkwaruza koo siku kadhaa.

Kwa hiyo usiingie chumba cha mpasuaji kama mama wa miaka 53 mwenye kalsiamu. Ingia ukisema, kabla hajafungua faili, "Mimi nasoma kasida na nafundisha kwa sauti." Muulize amefanya upasuaji wa tezi hizi mara ngapi, si goita, hizi hizi. Muulize kama atafungua upande mmoja au pande zote mbili, na kwa nini. Muombe nyuzi zako za sauti ziangaliwe kabla, kwa kile kikamera chembamba kinachopita puani, ili ijulikane ulikwenda na sauti gani. Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu, na rufaa yaweza kumfikia mwingine.

Jirani yenu simkanushi, wala baba watoto hakosei kuogopa alichokisikia kwa masikio yake. Ila goita ni mzigo mkubwa, na mara nyingi hutolewa pande zote, kwa hiyo neva zote mbili zinakuwa kwenye hatari. Shingo ni ile ile, kazi si ile ile. Na mtu akisema sauti iliharibika hospitalini, mara nyingi hatujui aliambiwa nini kabla.

Kuna jambo moja la baada ya upasuaji ambalo ningependa ulijue kutoka kwangu kuliko ulishangae wodini. Tezi mbaya ikitoka, zile tatu zilizokuwa zimelala hazishtuki mara moja, na mifupa yenye njaa inafyonza kalsiamu kwa pupa. Damu inashuka. Nakumbuka mama mmoja, usiku wa pili baada ya kupasuliwa, aliniita akasema siafu wanamtembea midomoni. Nikamgonga kwa ncha ya kidole shavuni, mbele ya sikio, na pembe ya mdomo wake ikaruka yenyewe. Vidole vya mkono vilikuwa vimeanza kujikunja kama mtu anayetaka kuchukua unga kidogo. Tulimpa sindano ya kalsiamu polepole, mimi nimekaa kando ya kitanda nikiangalia saa. Alfajiri ananiomba chai, na siafu hawapo. Kwa hiyo ukipasuliwa, ganzi ya midomo au vidole usiivumilie kwa adabu. Ita muuguzi. Na kalsiamu utakayomezeshwa siku hizo ndiyo ya mahali pake, si ile ya dukani.

Umeniuliza, sauti ikienda utakuwa nani. Hapa nakwenda polepole, kwa sababu sitaki kukwambia wewe ni zaidi ya sauti yako, kana kwamba sauti ni kitu kidogo. Hapa Tanga mtu mwenye sauti anajulikana mitaa mitatu mbele. Ni riziki, na ni ibada. Ninachokuomba uangalie ni kwamba maradhi nayo tayari yanachukua kitu. Ulikwama kwenye aya. Ulijiviringisha mbele ya watoto. Siwezi kukuahidi kwamba ukipasuliwa uchovu na kusahau vitaondoka. Wengine husema walizaliwa upya, wengine hawaoni tofauti kubwa. Kilicho na uhakika zaidi ni mifupa na mawe: mifupa hupata nguvu tena kwa muda, na hatari ya mawe mapya hupungua. Upande mmoja uweke hatari ndogo ya kupoteza kitu kikubwa, upande wa pili hasara ya polepole ambayo imekwisha kuanza. Wapo wanaochagua upande mmoja na wapo wanaochagua wa pili, nami nimewauguza wote.

Ramadhani hukuniuliza, lakini jiwe lilikushika umefunga, na nadhani si bahati mbaya. Mwili uliokosa maji mchana kutwa mkojo wake unakuwa mzito, na mawe yanapata nafasi. Mgonjwa ana ruhusa yake, na wewe ndiye unayewasomesha watoto aya hiyo. Kaa na daktari, kisha kaa na shekhe unayemwamini, kabla mwezi haujaandama.

Limebaki la nyumbani. Majibu mawili uliyoyatoa siyaiti uongo. Nayaita uchovu wa mtu anayetaka kila mtu alale kwa amani. Lakini wiki sita ni chache, na mwanao akishakata tiketi, baba watoto atajua kutoka kwa kondakta wa basi. Anajua namba zako? Anajua mwisho ni 2.60, na kwamba jiwe na mifupa na kiu ni ugonjwa mmoja? Au anajua tu kwamba mkewe anapelekwa kukatwa shingo? Mtu hawezi kushauri juu ya jambo aliloonyeshwa nusu. Mwanao naye ajua kuna bima na basi, lakini huenda hajui kwamba mama yake anaogopa kunyamaza. Kumwambia "nitakwenda kuonana na mpasuaji" si sawa na kumwambia "nitapasuliwa". La kwanza waweza kuwaambia wote wawili kwa maneno yale yale, na hakuna atakayedanganywa. Kama baba watoto anaweza kusafiri, aende nawe, akae kwenye kiti, swali la jirani aliulize yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Na kabla ya Dar, rudi kwa yule daktari kijana. Nenda asubuhi mapema foleni haijajaa, umeandika maswali yako kwenye daftari la madrasa, kwa mwandiko mkubwa. Mwombe mkojo wa saa 24, vitamini D, figo na mifupa, ili ukifika huko uwe na karatasi kamili usirudishwe kwa kipimo. Mwambie kuhusu mama yako. Mwonyeshe pakiti ya presha na majani ya dada.

Ukishawasikia, niandikie tena. Na hilo jiwe usiliache nyumbani. Lifunge hivyo hivyo na pamba yake, uende nalo.

Somo wako